Dodoma kwa siku tatu: jiji, ngoma za Wagogo na mashamba ya zabibu, hatua kwa hatua

Kila msimu wa zabibu ukikaribia napokea ujumbe unaofanana. "Nimefika Dodoma, nimezunguka siku mbili, sijaona hata mzabibu mmoja." Mwingine amekwenda hadi Hombolo, penye kiwanda cha mvinyo, Jumapili mchana, akakuta geti limefungwa na mlinzi hana la kumwambia. Mwingine mashamba aliyaona, ila ilikuwa Mei: mizabibu imetoka kupogolewa, imebaki vijiti vitupu. Wote walitumia nauli na likizo zao, na wote walirudi wakisema Dodoma ni vumbi na ofisi za serikali.

Inaniuma, kwa sababu kilichowaangusha si Dodoma. Walikuja wakidhani ukanda wa zabibu umepangwa kwa ajili ya mgeni, wenye mabango barabarani na saa za kufungua mlango. Haukupangwa hivyo. Mashamba ni ya wakulima, mengi ni madogo, na viwanda ni vya kazi. Mgeni anaingia kwa msimu, kwa miadi na kwa salamu. Ukikosa kimojawapo unabaki barabarani.

Mpangilio huu unaanza Alhamisi jioni na kuisha Jumapili. Siku hizo sikuzichagua kwa bahati. Viwanda hufanya kazi siku za wiki, mnada wa Msalato ni Jumamosi, na nyimbo za Kigogo utazisikia vizuri Jumapili. Ukigeuza siku, mambo mawili kati ya matatu yatakupita.

## Andaa hivi kwanza

Kitambulisho halisi, si picha kwenye simu. Utaulizwa kwenye treni, kwenye nyumba ya kulala wageni na pengine kiwandani.

Viatu vya kufunika vidole. Udongo wa shamba la zabibu una miiba na mabaki ya matawi yaliyokatwa, na ndala hazifai.

Kofia, na sweta au koti jepesi. Watu hucheka nikitaja sweta, lakini Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Juni hadi Agosti usiku una baridi na upepo.

Maji ya chupa, angalau lita mbili kwa kila mtu kwa siku ya shamba. Kuna vijiji ambako maji ya kisima yana chumvi.

Fedha taslimu za noti ndogo. Pesa za simu zinapokelewa karibu kila mahali, lakini mtandao shambani hukatika, na mama anayeuza zabibu kwa ndoo hana chenji ya elfu kumi.

Nguo za zamani mbili tatu na mfuko imara kwa ajili ya chupa. Sababu utaiona katika hatua ya saba.

Gari la kukodi na dereva kwa siku moja, Ijumaa. Usiendeshe mwenyewe siku ya kuonja mvinyo. Hata mafunda madogo yakirudiwa mara nane yanatosha kukuharibia umakini, na barabara ya kurudi ina malori, mbuzi na bodaboda.

## Hatua ya 1: Fuata msimu wa zabibu kwanza, likizo baadaye

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa sababu hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima ndiye anayeamua lini uanze upya, kwa mkasi wa kupogolea. Akishapogoa, miezi minne hivi baadaye anavuna. Ndiyo maana hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka: Februari hadi Machi, na Agosti hadi Septemba.

Njoo Agosti au Septemba. Mavuno ya Machi huiva wakati wa mvua, na unyevu huleta magonjwa ya ukungu na kuoza kwa vishada. Maji mengi pia huifanya zabibu kuwa nzito lakini sukari yake hafifu. Mavuno ya kiangazi yana jua kali la mchana, usiku wa baridi na hewa kavu. Zabibu inakuwa ndogo, nyeusi, tamu sana. Kama una nafasi moja tu kwa mwaka, itumie hapo.

Ukipenda kuanza na picha pana, lenga siku za maonyesho ya wakulima ya Nanenane, tarehe 1 hadi 8 Agosti, viwanja vya Nzuguni. Utakutana na wakulima wa zabibu, watafiti na wasindikaji wadogo mahali pamoja, na miadi yako ya Ijumaa utaipata hapohapo ana kwa ana.

Tahadhari: wiki ya Nanenane vyumba hujaa. Hali ni hiyohiyo Bunge likiwa na kikao, hasa Bunge la bajeti kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Weka chumba wiki tatu kabla.

Utajua umefaulu hatua hii ikiwa umempigia simu mtu aliye Dodoma, ukamuuliza "Zabibu zimeanza kukatwa?" na akakujibu ndiyo. Usitegemee kalenda peke yake. Mkulima aliyechelewa kupogoa atachelewa kuvuna.

## Hatua ya 2: Pata miadi mbili kabla ya kukata tiketi

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unahitaji miadi ya shamba na miadi ya kiwanda. Ni vitu viwili tofauti. Kiwanda kinaweza kuwa mbali na shamba, na anayekuonyesha matangi si yule anayejua mzabibu.

Chagua upande mmoja wa jiji. Ukijaribu pande zote kwa siku moja utaishia kuangalia barabara.

Upande wa kaskazini mashariki kuna Hombolo, takriban kilomita 40 kutoka mjini, penye bwawa na kiwanda cha mvinyo cha CETAWICO. Huu ndio upande ninaoupendekeza kwa mara ya kwanza, maana shamba, bwawa na kiwanda vyote viko eneo moja.

Upande wa kusini, barabara ya Iringa, kuna Bihawana, Matumbulu na Mpunguzi. Bihawana ni misheni ya Kikatoliki, na wamisionari ndio walioupa mzabibu nafasi katika ardhi hii. Upande huu una wakulima wadogo wengi na vikundi vya ushirika, na ndio mzuri kwa anayetaka kuongea na watu kuliko kuona mitambo.

Upande wa kaskazini, barabara ya Arusha, kuna Veyula na Makutupora. Kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, kiko Makutupora, na jina hilo ndilo lililopewa aina ya zabibu nyekundu inayolimwa zaidi Dodoma. Bonde hilohilo ndiko visima vinavyolisha jiji maji. Kwa mkulima au mwanafunzi wa kilimo, upande huu hauna mpinzani, ila unahitaji barua ya maombi mapema. Kuna pia eneo la jeshi karibu, kwa hiyo usipige picha ovyo.

Ukipiga simu, usianze na "Nataka kutalii." Jitambulishe, sema mko wangapi, siku gani, saa ngapi, na mnataka kuona nini: kukata zabibu, kukamua, au kuonja. Uliza kama kuna ada. Uliza jina la atakayewapokea, uliandike. Siku moja kabla, piga tena kuthibitisha. Msimu wa mavuno mambo hubadilika: malori yakichelewa, msimamizi anakuwa ghalani na simu iko mfukoni haisikiki.

Kama hukupata kiwanda kikubwa, usikate tamaa. Waulize wasindikaji wadogo. Dodoma wapo wengi, wengine wanakamua kwenye jengo la nyuma ya nyumba na kuuza mchuzi wa zabibu, yaani maji yaliyokamuliwa, kwa viwanda vikubwa. Kwa mmoja wao utajifunza zaidi ndani ya saa moja, maana yeye ndiye mkulima, mkamuaji na muuzaji.

Umefaulu ukiwa na majina mawili, namba mbili na saa mbili zilizothibitishwa. Bila hivyo, usikate tiketi.

## Hatua ya 3: Fika Alhamisi, lala katikati

Kutoka Dar es Salaam, panda treni ya umeme. Ilianza safari za Dodoma mwaka 2024, na ile ya haraka hutumia kama saa tatu na nusu. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Angalia ya sasa unapokata tiketi. Fika stesheni mapema, maana kuna ukaguzi wa mizigo na kitambulisho, na treni haisubiri mtu. Basi litakuchukua siku nzima na kukushusha kituo cha Nanenane, nje kidogo ya mji.

Tafuta chumba kinachokuruhusu kutembea kwa miguu hadi Nyerere Square. Hoteli za mbali ni nzuri na tulivu, lakini jioni utakwama huko.

Jioni hiyo fanya jambo moja tu: keti Nyerere Square jua likizama. Wanafunzi, watumishi wa wizara, wauza karanga na kahawa, familia zilizotoka kupiga picha, wote hupita hapo. Ndipo utaelewa kwamba huu ni mji wa Wagogo ambao nchi nzima imehamia.

Bunge likiwa kwenye kikao, na ukitaka kuingia jukwaa la wageni, fika Jumatano badala ya Alhamisi. Asubuhi ya Alhamisi ndiyo ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Peleka maombi mapema, vaa nguo za heshima.

## Hatua ya 4: Ijumaa asubuhi, shambani

Ondoka mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wakulima hukata zabibu kabla ya jua kuwa kali, kwa sababu zabibu yenye joto huanza kuchacha ndani ya kreti kabla haijafika kiwandani. Ukifika saa nne, kazi imeisha na utaonyeshwa kreti tupu.

Salamu kwanza. "Shikamoo" kwa wakubwa, na ukiweza, "Mbukwa" kwa mtu mmoja au "Mbukwenyi" kwa kundi. Ni salamu ya Kigogo, na sijawahi kuona ikikosa kufungua uso wa mtu. Usiulize bei wala kuinua kamera kabla salamu hazijakamilika.

Kisha omba kufundishwa kutambua zabibu iliyoiva. Mzee mmoja kule Mpunguzi alinifundisha hivi, na sijasahau. Alichuma punje moja kutoka ncha ya chini ya kishada, si ya juu, kwa sababu ncha huiva mwisho. Akaiminya kwenye kiganja, akasukuma ganda pembeni kwa kidole gumba, akanionyesha mbegu. "Ikiwa ya kijani, subiri. Ikiwa ya kahawia kama kahawa, kata." Kisha akanipa ganda nilitafune peke yake. Ganda lisiloiva hukausha ulimi na lina ukali wa jani. Lililoiva lina utamu unaokuja nyuma ya ukavu huo.

Kiwandani wana kipima sukari, chombo kidogo unachotazama kwa jicho moja baada ya kudondoshea tone la maji ya zabibu. Kipimo cha 22 hadi 24, yaani asilimia ya sukari, ndicho kinachofaa mvinyo mkavu, ule usio na utamu. Omba utazame mwenyewe. Zabibu ikishakatwa haiendelei kuiva kama embe au ndizi, kwa hiyo uamuzi wa mzee na mbegu yake ndio unaoamua ladha ya chupa.

Tahadhari tatu. Usile zabibu kutoka mtini kabla ya kuuliza lini zilipuliziwa dawa. Usikanyage mipira ya umwagiliaji wa matone iliyolazwa kwenye mistari, kwani ukiipasua mkulima atakosa maji kwenye mstari mzima. Na usikate kishada bila kuonyeshwa mahali pa kupitisha mkasi.

Ukitaka kununua zabibu, nunua, tena usibane bei hadi mwisho. Soko la zabibu huwasumbua wakulima hawa karibu kila mwaka. Zabibu haziwezi kungoja, mnunuzi anaweza.

Utajua umefaulu ukiweza kusimama mbele ya vishada viwili na kusema kipi kikatwe leo na kipi kisubiri wiki ijayo, na mkulima akakubali.

## Hatua ya 5: Ijumaa mchana, kiwandani na kuonja

Kula kwanza. Tumbo tupu na mvinyo wa joto la mchana ni njia fupi ya kichwa kuuma.

Ukiingia, omba kuonyeshwa kwa mpangilio wa kazi: mapokezi, mashine ya kutenganisha punje na vikonyo, matangi, mapipa kama yapo, kisha kujaza chupa. Ukirukia kuonja utakunywa bila kujua unachokitafuta.

Simama mbele ya tangi la mvinyo mwekundu unaochacha. Maganda huelea juu na kufanya tabaka zito, na mfanyakazi huyasukuma chini au huvuta maji kutoka chini na kuyamwaga juu yake. Rangi ya mvinyo mwekundu na ule ukakasi unaokausha ulimi vimo ndani ya maganda hayo, wala si kwenye maji ya zabibu. Mvinyo mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa, ndipo uchachushwe. Tofauti kubwa iko hapo. Zabibu nyingi nyekundu zina maji meupe ndani. Minya moja utaona.

Usiinamishe kichwa ndani ya tangi linalochacha. Hewa ya ukaa hutanda juu ya maji na inaweza kumwangusha mtu.

Sasa onja, kwa mpangilio huu: mweupe mkavu, mwekundu mkavu, halafu mtamu. Mwisho kabisa ndiyo ile ya aina ya Dompo, nyekundu tamu ambayo wengi huijua kabla ya nyingine zote. Sukari hulaza ulimi. Ukianza na mtamu, mkavu utauona kama siki, na ndivyo watu wengi walivyoamua kwamba mvinyo mkavu wa Dodoma ni mbaya.

Kwa kila glasi fanya mambo manne. Tazama rangi dhidi ya karatasi nyeupe. Zungusha, nusa. Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, vuta hewa kidogo. Kisha liteme, ndoo ipo kwa kazi hiyo na hakuna atakayeona umekosa adabu. Kunywa maji, tafuna mkate mkavu, endelea.

Kasoro tatu za kuzitambua: harufu ya siki, inayokuja hewa inapoingia na bakteria kugeuza kileo kuwa asidi, rangi ya kahawia kwenye mvinyo mweupe, dalili kwamba hewa imeuzeesha, na harufu ya yai bovu, ambayo hutoka kwenye salfa na mara nyingine hupungua glasi ikikaa dakika chache.

Joto la mvinyo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwekundu hunywewa ukiwa na nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dodoma mchana huzidi 25, na hapo kileo hupanda puani na kufunika harufu ya zabibu. Kama umeletewa glasi yenye joto, omba chupa iwekwe kwenye friji dakika ishirini. Ukifanya jaribio hili moja, chupa ileile kabla na baada, umeshajifunza zaidi ya wageni wengi.

Uliza maswali haya, uandike majibu: zabibu ni za aina gani, Makutupora nyekundu, Syrah, Chenin Blanc au mchanganyiko? Zilivunwa mwezi gani? Zimetoka kijiji gani? Sukari imeongezwa? Chupa ilijazwa lini? Msindikaji anayejibu bila kusita ni wa kumrudia.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema, bila kuangalia lebo, ipi kati ya glasi nne ilikuwa kavu zaidi, na ipi ungeinunua kwa pesa yako.

## Hatua ya 6: Jumamosi, sokoni na mnadani

Asubuhi anza na soko la Majengo. Tafuta mlenda wa unga: majani yaliyokaushwa na kusagwa, mboga ambayo imewavusha Wagogo miaka mingi ya ukame. Muulize mama anayeuza namna ya kuupika. Atakueleza kwa furaha, na kiasi gani cha magadi. Kama kuna mgahawa wenye ugali wa mtama au uwele na mlenda, kula hapo mchana. Ni chakula cha ardhi hii kuliko kuku na chipsi.

Pita Msikiti wa Gaddafi na makanisa makuu yaliyo katikati ya mji. Vaa vizuri, omba ruhusa mlangoni, epuka saa za ibada kama unakwenda kutazama tu.

Alasiri nenda mnada wa Msalato, barabara ya Arusha. Utaona ng'ombe na mbuzi, mitumba, vyungu, dawa za asili, na moshi wa nyama kila upande. Chagua kipande mwenyewe, kipimwe mbele yako, kubaliana bei kabla hakijapanda motoni, kisha subiri. Simu mfuko wa mbele.

Kula nusu. Nusu nyingine ifungwe, urudi nayo ulikolala, ufungue chupa ya ule mwekundu mkavu ulioonja jana, imepoa dakika ishirini. Mafuta ya mbuzi hulainisha ukakasi wa mvinyo, na mvinyo husafisha mafuta mdomoni. Hakuna mlo mwingine Dodoma unaounganisha mnada, moto na shamba kwa namna hiyo, na kwangu hii ndiyo sababu hasa ya kuja.

## Hatua ya 7: Nunua na ufunge chupa vizuri

Fanya hivi Jumamosi jioni, si Jumapili ukiwa na haraka.

Angalia alama ya TBS na stempu ya kodi ya TRA kwenye chupa. Usinunue mvinyo wa kwenye chupa za maji za plastiki kwa ajili ya kusafiri nao. Huenda bado unachacha, na njiani utafumuka.

Funga kila chupa kwa nguo, shingo hadi kitako, uzipange zisigusane. Usiziweke kwenye buti la basi mchana wa jua. Joto la buti hupika mvinyo: kizibo husukumwa nje, na ladha inakuwa ya tunda lililochemshwa. Kaa nazo miguuni.

Ukifika nyumbani, zenye kizibo cha mti zilaze mahali penye giza na ubaridi. Ukifungua, maliza ndani ya siku mbili au tatu, kizibo kikiwa kimerudishwa na chupa ikiwa ndani ya friji.

## Hatua ya 8: Jumapili, Chamwino na sauti ya zeze

Chamwino iko mashariki, barabara ya Dar es Salaam, kama kilomita 30. Ikulu iko huko, kwa hiyo kamera ibaki mfukoni unapopita karibu.

Nenda asubuhi kwenye ibada ya kijiji, hata kama si dhehebu lako, ukiomba ruhusa ya kuketi nyuma. Makanisa ya Ugogo huimba kwa mahadhi ya Kigogo, sauti zikipandana kwa namna ambayo ukiisikia mara moja utaitambua popote.

Mchana, kwa miadi uliyofanya kabla, tafuta kikundi cha ngoma. Uliza hasa kuhusu muheme, ngoma ambayo wanawake ndio wapigaji, wamezibana ngoma kati ya mapaja huku wakicheza. Uliza pia zeze, na ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Sogea karibu na ilimba uone tundu dogo kwenye ubao wake, lililozibwa kwa utando wa buibui. Utando huo ndio unaoipa sauti mtetemo wake. Kabla ya safari msikilize Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003 baada ya kuupeleka muziki huu duniani. Masikio yako yatakuwa tayari.

Kubaliana malipo na kiongozi wa kikundi kabla ngoma haijaanza, na mlipe yeye, mbele ya wenzake. Kutuza wakati wa kucheza ni nyongeza, si malipo. Ukitaka kurekodi, sema mapema na useme utaitumia wapi.

Tamasha la Muziki wa Cigogo hufanyika Chamwino. Ukipata tarehe zake, panga safari nzima kulizunguka, hata kama mavuno bado wiki chache.

## Ukiwa na siku ya nne

Endelea kaskazini hadi Kolo, wilaya ya Kondoa, takriban kilomita 180 kwa lami. Michoro ya miambani iliyo huko iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Lipia kwenye ofisi iliyo pale Kolo na uchukue mwongoza wageni, kwani njia za kupanda hazina alama na rangi za michoro hazionekani kwa asiyejua pa kutazama. Usimwagie maji mwamba ili picha ing'ae, rangi hutoka. Ondoka Dodoma saa kumi na moja alfajiri ili upande kabla ya jua la saa sita, na anayetoka Arusha aifanye siku hii iwe ya kwanza, kisha ashuke Dodoma kuanza hatua ya tatu.